Kazi ya Mtayarishaji: Joan Root wa Naivasha na Filamu Ambazo Bonde la Ufa Bado Linazisubiri

Mhadhara wa wazi, Nakuru



Mnamo Aprili 1979, mjini Los Angeles, filamu tano ndefu za hali halisi zilikuwa zikiwania tuzo ya Oscar. Moja ilihusu mchwa. Haikuwa na vita ndani yake, wala mwanasiasa, wala mwimbaji mashuhuri. Ilikuwa na kichuguu, na yale yanayotendeka ndani yake na juu yake kuanzia kiangazi hadi mvua. Jina lake lilikuwa Mysterious Castles of Clay, na toleo lililooneshwa Marekani lilisimuliwa kwa sauti ya Orson Welles. Haikushinda. Lakini walioitengeneza walikuwa mke na mume, Joan na Alan Root, na kwao kulikuwa Naivasha, kando ya ziwa, mwendo wa saa moja na ushei kwa matatu kutoka hapa tulipoketi.

Nimealikwa nizungumzie kazi ya mtayarishaji wa vipindi vya runinga na filamu za hali halisi. Kila nikialikwa hivyo, vijana hutarajia nianze na kamera: ipi inunuliwe, lenzi gani, ndege gani isiyo na rubani. Leo naanza na nyumba ile ya Naivasha, na nina sababu. Katika orodha ya walioteuliwa mwaka ule, aliyeandikwa kuwa mtayarishaji wa filamu ya mchwa ni Alan Root. Nikizifuatilia habari za maisha yao, kisha nikazitazama filamu zao kwa jicho la mtu anayejua namna kazi hii inavyofanywa, namwona mtayarishaji mwingine, naye ni Joan. Yeyote anayetaka kuishi kwa kazi hii katika Bonde la Ufa namsihi amsome Joan kabla ya kumsoma Alan.

Alan alizaliwa London mwaka 1937, akaletwa Kenya akiwa mtoto, akasoma Nairobi katika shule ambayo leo inaitwa Nairobi School. Kipaji chake hakina mjadala. Januari 1959, Michael Grzimek, mwana wa mkuu wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, alikufa ndege yake ilipoanguka Serengeti, wakati yeye na baba yake wakiwa katikati ya filamu yao. Alan, kijana wa miaka 21, alikuwa miongoni mwa walioshika kamera filamu ile ikamalizika. Ndiyo Serengeti Shall Not Die, na mwaka 1960 ilipata Oscar. Kwa kijana wa umri ule, huo ni mlango uliofunguliwa na msiba, na Alan aliuingia akiwa tayari.

Joan Thorpe alizaliwa Nairobi mwaka 1936. Baba yake alikuwa akiwatembeza wageni mbugani, na binti alikulia katika shughuli hiyo: kuhesabu maji, kupanga vyakula, kukadiria mafuta ya gari, kujua barabara ipi haipitiki mvua ikinyesha. Yeye na Alan wakaoana mwaka 1961. Mwaka huohuo, Uingereza, kampuni ya Anglia ilianzisha kipindi cha wanyama kiitwacho Survival, na hicho ndicho kilichokuja kuzinunua kazi zao miaka nenda miaka rudi. Wakahamia Naivasha, kwenye shamba la ekari 88 lililoitwa Kilimandege, upande wa kusini wa ziwa. Viboko walipanda kula nyasi usiku, na wanyama yatima walilelewa pale pale nyumbani.

Sasa tuitazame kazi yenyewe, maana hapa ndipo wengi wetu hujidanganya.

Siku zile filamu za wanyama zilipigwa kwa mikanda ya milimita 16. Mkanda mmoja wa futi 400 ulitoa kama dakika 11 za picha, basi. Ulipokwisha, ilibidi uutoe gizani, uufunge, uuweke mbali na joto, kisha usafirishwe hadi maabara ng'ambo ukasafishwe. Hapakuwa na kioo cha kuangalia ulichopiga. Vumbi likiingia kwenye kamera, au lenzi ikiwa na kasoro, habari hizo zilikufikia baada ya wiki kadhaa, na mnyama amekwisha kuhama. Kwa hiyo kila dakika iliyopigwa ilitanguliwa na siku nyingi za kujua. Nani aliyekuwa akiandika mkanda namba fulani una nini, umepigwa wapi, umeondoka lini? Nani aliyehakikisha mikanda mipya imefika Nairobi, imelipiwa forodha, imepelekwa kambini kabla ile ya zamani haijaisha? Kazi hiyo ilikuwa ya Joan.

Chukueni mfano wa kumbikumbi. Nyote mmewaona, na wengi mmewala. Wanatoka baada ya mvua, aghalabu jioni, na hawatoki kila siku. Kichuguu kinaweza kukaa kimya miezi mingi, halafu jioni moja matundu yakafunguka, askari wakajipanga mlangoni, na wenye mabawa wakamiminika kama moshi. Baada ya muda mfupi mbio zimekwisha. Ardhini yamebaki mabawa. Mtu anayetaka kulipiga tukio hilo hawezi kufika baada ya kusikia kwamba limeanza. Lazima awe pale, kamera imeshafungwa kwenye miguu yake, taa zimeshajaribiwa, betri zimejaa, na gari limeegeshwa mahali ambapo tope halitalizuia. Na hilo ni la nje tu. Ndani ya kichuguu kuna giza, unyevu na joto lisilobadilika sana, kuna bustani za uyoga ambazo mchwa hulima kwa ajili ya chakula chao, na kuna malkia anayetaga mayai maelfu kwa siku. Ukivunja ukuta upate pa kupigia picha, mchwa wanaanza kuuziba mara moja kwa udongo. Taa ikiwa kali, unawakausha. Kila picha tunayoiona mle ndani kwa sekunde chache imesimama juu ya majaribio mengi yaliyoharibika, na kila jaribio lilihitaji mtu wa kulipanga upya bila kukata tamaa.

Mwaka 1980 Anglia walitengeneza filamu kuhusu hawa wawili, Two in the Bush, wale wanaowapiga wengine picha wakapigwa wao. Humo mna kipande ambacho kila anayesoma filamu anapaswa kukitazama. Joan amechuchumaa mbele ya swila, yule nyoka anayetema sumu, naye amevaa miwani. Nyoka anatema, sumu inapiga kwenye vioo, mama wa watu hasogei. Watazamaji walimsifu kwa ushujaa, nami namsifu pia. Lakini angalieni kilichofanya ushujaa ule uwezekane. Umbali ulikuwa umepimwa. Mwanga ulikuwa umewekwa nyuma ya matone ili yaonekane. Aliyechuchumaa alizijua tabia za nyoka yule, na alimwamini mtu aliyeshika kamera. Anayeona nyoka na mwanamke ameona nusu tu ya picha. Nusu nyingine ni maandalizi.

Alan alikuwa na moto, na moto ule ulimgharimu. Nyoka aina ya bafe alimuuma akapoteza kidole. Kwenye chemchemi ya Mzima kule Tsavo, walipokuwa wakipiga filamu chini ya maji, kiboko aliing'oa barakoa ya kuzamia usoni mwa Joan, kisha akamng'ata Alan mguu vibaya. Alipotaka kuonesha nyumbu wanavyopita, aliificha kamera ndani ya gamba la kobe, akaiweka njiani mwao, wakaipita juu. Alileta puto la hewa moto ili apige picha kutoka juu bila kelele za injini, na wakaliendesha hata juu ya Kilimanjaro. Haya ndiyo masimulizi yanayorudiwa katika kila makala ya kumkumbuka, tangu alipofariki Agosti 2017. Naelewa kwa nini yanarudiwa: yana utamu. Ila puto likibebwa na upepo, lazima gari lilifuate chini, mtu ajue litaangukia shamba la nani, aende akazungumze na mwenye shamba. Mtu akiumwa na kiboko porini, lazima awepo anayejua redio ipo wapi, kiwanja cha ndege kiko wapi, na dawa ziko sanduku lipi. Kipaji kikubwa kisicho na mtu wa namna hiyo pembeni huishia kaburini mapema, au huishia na mikanda mizuri isiyokuwa filamu.

Haya, tuongeze jambo ambalo filamu zao hazikulionesha, kwa kuwa kumsoma mtu si kumwabudu.

Katika filamu nyingi za wakati ule, Bonde la Ufa na mbuga zake vinaonekana kana kwamba havina mwenyewe. Nyumbu wanapita, simba anawinda, mbuyu unachanua, na binadamu hayupo. Ilikuwa ndiyo desturi ya kipindi hicho cha runinga, na soko la Uingereza na Marekani liliipenda. Lakini mwambao wa Naivasha una historia. Kwa mkataba wa 1904, serikali ya kikoloni iliwaondoa Wamaasai katika Bonde la Ufa, wakapelekwa Laikipia na kusini, ili nafasi hii wapewe walowezi. Mkataba wa 1911 ukawaondoa tena Laikipia. Mandhari tupu tunayoisifu kwenye picha ilifanywa tupu kwa kuwaondoa watu. Hata Wakenya waliobeba vyombo vya akina Root, waliotafuta viota, waliojua nyoka yuko shimo gani, mtazamaji wa kawaida hayajui majina yao. Nawaambia wanafunzi wa hapa: ukimlipa mtu akuongoze mlimani, jina lake liingie kwenye orodha ya mwisho wa filamu, liandikwe kwa tahajia anayoitumia mwenyewe. Haigharimu shilingi.

Ndoa yao ilivunjika. Alan akaendelea na filamu na maisha mengine. Joan akabaki Kilimandege. Na hapo ndipo kisa chake kinapoingia katika kisa chetu sote. Miaka ileile mashamba ya maua yalikuwa yakitanda kuzunguka ziwa. Vijana walifika kutoka kila pembe ya nchi kutafuta vibarua, mitaa kama Karagita ikakua bila mpango, na wasiopata kazi shambani waliingia ziwani na nyavu za matundu madogo. Samaki walipungua hadi uvuvi ukasimamishwa kwa muda mwaka 2001. Joan alisaidia kuunda na kugharamia kikosi cha doria dhidi ya uvuvi haramu. Baadhi ya waliokuwamo walikuwa wavuvi haramu hapo awali. Alipata marafiki, akapata na maadui. Usiku wa tarehe 13 Januari 2006, watu wenye bunduki waliingia Kilimandege wakamuua kwa risasi, siku tano kabla hajatimiza miaka 70. Washukiwa wanne walishtakiwa, na mwaka 2007 mahakama ikawaachilia. Hadi leo hakuna aliyepatikana na hatia.

Nani aliyelisimulia jambo hili zito la Naivasha? Mwandishi wa Marekani, Mark Seal, aliandika makala kisha kitabu, Wildflower, mwaka 2009. Mwaka huohuo Mholanzi Ton van Zantvoort alitoa filamu kuhusu mashamba ya maua ya Naivasha, A Blooming Business. Wote wawili walifanya kazi yao, nami siwalaumu kwa kuja. Uchungu wangu uko kwingine. Waliokuwa wakiamka saa kumi alfajiri kupanda basi la shamba la maua, waliokuwa wakinunua samaki mtaani Kihoto, waliomjua Joan na waliomchukia, walikuwa hapa hapa, wanazungumza Kiswahili, Kikuyu, Kiluo, Kimaasai. Mtayarishaji aliyezaliwa Naivasha angeweza kuwafuata miaka mitano bila kulipa hoteli. Hakutokea. Kamera hatukuzikosa, tulimkosa mtu wa kuandaa.

Na si kwamba nchi haikuwa na pa kujifunzia. Taasisi ya Mawasiliano ya Umma, ile ya KIMC pale South B, ilianzishwa 1961. Runinga iliingia Kenya mwaka 1962, na mwaka 1964 shirika la utangazaji likageuzwa Sauti ya Kenya, chini ya wizara. Tulipata mafundi stadi wa kamera, wa sauti, wa uhariri. Lakini kwa miaka mingi runinga yetu ilikuwa na haraka ya habari: waziri amefungua shule, waziri amefunga semina. Mpiga picha alitoka asubuhi, akarudi saa saba mkanda ukahaririwe. Kukaa na habari moja mwaka mzima hakukuwa na fungu kwenye bajeti. Kituo cha KTN kilipoingia mwaka 1990 ushindani ulianza, lakini haraka ile ikabaki, na hata baada ya kuhamia mitambo ya dijitali mwaka 2015, vituo vilipokuwa vingi, wengi wetu bado tunapima kazi kwa siku.

Hivyo basi nawaleteeni jina la pili, la mtu aliye hai na anayefanya kazi. Toni Kamau ni mtayarishaji Mkenya wa filamu za hali halisi. Alikuwa miongoni mwa watayarishaji wa Softie ya Sam Soko, kuhusu mwanaharakati Boniface Mwangi na familia yake, iliyooneshwa kwenye tamasha la Sundance Januari 2020 ikapata tuzo ya uhariri. Filamu ile ilichukua miaka kama saba. Fikirieni maana ya miaka saba katika maisha ya kijana wa Nairobi mwenye kodi ya nyumba. Miaka saba ya kuandika maombi ya ufadhili, kukataliwa, kuandika tena, kutunza diski zenye mamia ya saa za picha, kulinda uhusiano na familia ambayo imechoka na kamera lakini bado inafungua mlango.

Kisha mwaka 2024, pia Sundance, ikatoka The Battle for Laikipia, iliyoongozwa na Daphne Matziaraki, Mgiriki, na Peter Murimi, Mkenya, Toni Kamau akiwa mtayarishaji. Inahusu wafugaji na wenye mashamba makubwa ya Laikipia wakati wa ukame na uchaguzi: kila upande unadai ardhi, kila upande una makaburi yake. Naomba muone uhusiano. Ardhi ileile waliyopelekwa Wamaasai kutoka huku kwetu mwaka 1904, halafu wakaondolewa, ndiyo inayogombaniwa mbele ya kamera zaidi ya miaka 100 baadaye. Na muone ugumu wa mtayarishaji: filamu lazima iaminike kwa mfugaji wa Kisamburu na kwa mzungu mwenye seng'enge, watu ambao hawaketi meza moja. Hilo halipatikani kwa lenzi. Linapatikana kwa kuamua nani aende kwa nani, na nani akae nyumbani siku gani. Pale kulikuwa na waongozaji wawili, na wote wawili walihitajika.

Hilo ndilo linalounganisha Kilimandege na Laikipia. Kati ya mchwa na wafugaji kuna umbali mkubwa, lakini kazi ya nyuma ya pazia ni moja: kukaa, kujua, kupanga, kulinda watu, kutunza kumbukumbu. Tofauti ni kwamba safari hii jina la mtayarishaji limeandikwa mahali pake.

Niseme kidogo juu ya mambo ya kila siku, kwa sababu vijana huniuliza na majibu hayapatikani darasani. Filamu halali nchini inahitaji leseni ya bodi ya filamu, KFCB. Ukiingia Mbuga ya Ziwa Nakuru na kamera ya kazi, kuna ada ya shirika la wanyamapori, KWS, tofauti na tikiti ya mtalii. Ndege isiyo na rubani inahitaji idhini ya mamlaka ya usafiri wa anga. Kanuni zake ni za mwaka 2020, na kabla ya hapo wengi walinyang'anywa vyombo vyao. Ukiingia mtaani, mpigie chifu, na kabla ya chifu mtafute mzee wa nyumba kumi, maana chifu ana muhuri lakini mzee ndiye anayejua nani amefiwa wiki hii. Fomu ya ridhaa iwe kwa Kiswahili, isomwe kwa sauti, na mtu aambiwe wazi kwamba picha yake inaweza kuonwa Nairobi na Berlin pia. Diski ziwe tatu, zilale nyumba tofauti. Na daftari liwepo: tarehe, mahali, nani alizungumza, saa ngapi, na umemwahidi nini. Ahadi ndizo tunazozisahau kwanza. Ukimwambia mama utamletea picha ya mwanawe, mpelekee.

Nasisitiza ahadi kwa sababu ya Solai. Tarehe 9 Mei 2018, usiku, bwawa la shamba moja hapa katika kaunti yetu lilipasuka, maji yakashuka kwenye vijiji, watu zaidi ya 40 wakafa, wakiwemo watoto. Kesho yake magari ya runinga yalijaa barabarani. Mazishi yalioneshwa moja kwa moja. Baada ya hapo kesi ikaanza kuburuzwa mahakamani mwaka baada ya mwaka, na aliyetaka kuifuata ilimbidi achague kukaa na Solai wakati kila mhariri alikuwa ameshahamia habari nyingine. Msomaji wa habari hana kosa; kazi yake ni ya siku. Lakini mtayarishaji wa filamu ya hali halisi anaanza kazi yake siku ile magari yanapoondoka. Akina mama waliopoteza watoto watazungumza mwaka wa tatu mambo ambayo hawakuwa na nguvu ya kuyasema siku ya tatu. Na wengine hawatataka kuzungumza kabisa, na hiyo ni haki yao, nawe utafunga begi uende.

Sasa nifike kwenye filamu ambayo naiona mbele yetu, na ambayo sijui kwa nini bado tunamsubiri mgeni aje aifanye.

Tangu kama mwaka 2010, maziwa ya Bonde la Ufa yamekuwa yakipanda: Baringo, Bogoria, Nakuru, Naivasha. Ziwa Nakuru lililokuwa na kama kilomita za mraba 40 limevuka 60. Lango kuu la zamani la mbuga lilizama, barabara za watalii zikazama, migunga ikafa imesimama majini. Maji yalipoongezeka, magadi yakapungua ukali, na ule mwani wa kijani ambao heroe hula ukapungua, hivyo ndege waliotuletea jina duniani wakatafuta kwingine, Bogoria na kusini hadi Natron. Naivasha, mtaa wa Kihoto umeingiwa na maji, watu wakahama, wakarudi, wakahama tena. Viboko wanatembea kati ya nyumba za mabati. Wataalamu wanataja mvua nyingi katika nyanda za juu, udongo unaoletwa na mito kutoka kwenye misitu iliyokatwa, na miamba ya Bonde inayosogea chini; wanabishana juu ya uzito wa kila sababu. Ripoti ya serikali ya mwaka 2021 ilihesabu mamia ya maelfu ya watu walioathirika na kupanda kwa maziwa nchini.

Nani ana nafasi nzuri ya kuitengeneza kuliko mtu wa hapa? Kazi hii haihitaji puto. Inahitaji mtu aende Kihoto mara moja kila mwezi, miezi 24, asimame mahali palepale na kupiga ukuta uleule, ili maji yenyewe yaoneshe yanavyopanda na kushuka. Inahitaji familia tatu, si thelathini: mwenye nyumba aliyejenga kwa akiba ya maua, mpangaji anayehama na godoro, na mvuvi ambaye ziwa limemwongezea kazi wakati limewapunguzia wengine makao. Inahitaji mzee wa Nakuru anayekumbuka ziwa lilipokauka miaka ya 1990, watu wakavuka kwa miguu. Picha za zamani zipo: shirika la utangazaji, KBC, lina mikanda, KWS wana picha za mbuga, na familia nyingi za hapa zina albamu za Jumapili walipokwenda kutazama heroe. Tengenezeni orodha ya hizo kwanza, mjue haki ni za nani, kabla hamjapiga sekunde moja.

Watu wanne wanatosha kuanza: wa kamera, wa sauti, dereva mwenyeji wa Naivasha, na mtayarishaji. Mtayarishaji aanze na daftari, aende kwa mzee wa mtaa wa Kihoto wiki hii, bila kamera, anywe chai, aeleze anachotaka na muda atakaokaa. Sauti na maandishi yawe ya Kiswahili tangu mwanzo. Tafsiri za wageni zitafuata. Na katika bajeti, mstari wa kwanza kabisa, kabla ya vyombo na kabla ya mshahara wetu, uwe gharama ya turubai, jenereta na spika za kuionesha filamu hiyo palepale Kihoto, jioni ya Jumamosi, kwa watu waliomo ndani yake, wakiwa bado na nafasi ya kutuambia tulipokosea kabla haijatumwa kwingine.